Fremu 60 hazitaponya mwendo unaoelea

*"Shikamoo mwalimu. Najifunza animesheni mwenyewe kwa programu ya Blender, huu ni mwaka wa pili. Nimetengeneza kipande cha sekunde 20: mama anapita njiani na ndoo ya maji kichwani, kijana anapiga mpira, mpira unadundadunda hadi karibu na mama, na kamera inawafuata kwa pembeni. Modeli zimependeza, taa imekaa vizuri, lakini mwendo ndio unaniumiza. Mama anaelea kama hana uzito, miguu yake inateleza juu ya udongo, mpira ukikaribia chini unapunguza mwendo badala ya kugonga, na kamera ikipita picha inatetemeka. Rafiki yangu aliyesoma IT anasema tatizo ni fremu 24, yaani picha 24 kwa sekunde, dunia sasa iko kwenye 60. Nilipobadilisha kuwa 60 kila kitu kikaanza kukimbia. Anasema pia laptop yangu haifai: ina RAM 8GB, haina kadi ya grafiki, na picha moja inachukua dakika 3 kurenda, yaani kompyuta kuichora mpaka ikamilike. Nimeshaanza kuulizia mkopo wa kikundi ninunue mashine yenye kadi. Je, yuko sahihi? Na kama si hivyo, kosa langu liko wapi?"*

Marahaba. Habari ya mkopo isimamishe kwanza. Kadi ya grafiki ni kitu kizuri na nitaifikia huko mbele, ila katika malalamiko yako manne, matatu hayana uhusiano wowote na mashine wala idadi ya fremu, na la nne linahusiana na fremu kwa sehemu tu. Ukinunua mashine mpya wiki hii, utalipa marejesho miezi kadhaa na mama huyo bado ataelea.

Nikikuelewa vizuri, unachoogopa ni kwamba umefika ukingoni mwa uwezo wa kifaa chako na bila fedha huwezi kwenda mbele. Hujafika. Ulichokutana nacho hukutana nacho karibu kila anayeanza kwa kompyuta, na kinarekebishwa kwenye laptop hiyohiyo.

Tuanze na hili la 60, maana ndilo lililokupoteza. Blender huhifadhi fremu kuu, yaani zile ulizopanga mkao kwa mkono wako, kwa namba ya fremu na si kwa sekunde. Iliyokuwa kwenye fremu ya 48 inabaki ya 48. Kwa mwendo wa 24 hiyo ni sekunde ya pili. Kwa 60, hata sekunde moja haijatimia. Kipande chako cha fremu 480 kilibanwa kutoka sekunde 20 hadi 8, ndiyo maana kikakimbia. Ungeweza kuzitawanya fremu kuu upya mpaka muda urudi kuwa sekunde 20, na hapo ungegundua kwamba mama bado anaelea. Kompyuta ingechukua njia ileile uliyompa mama na kuikata vipande 1,200 badala ya 480. Njia ikiwa na kosa, kuikata vipande vidogo zaidi hakulitoi kosa, kunalionyesha kwa ulaini zaidi. Na kwa dakika 3 kila picha, ungetoka saa 24 za kurenda ukaingia saa 60.

Imani iliyo nyuma ya ushauri wa rafiki yako ni ya zamani na imeenea: kwamba jicho hushikilia kila picha kwa kitambo kidogo, picha zikaungana, basi zikiwa nyingi mwendo unakuwa bora. Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer alionyesha jambo tofauti. Alama mbili zilizotulia, zikitokea moja baada ya nyingine kwa mwachano wa muda unaofaa, mtu huona kitu kimoja kikisogea kutoka hapa kwenda pale, ingawa hakuna kilichosogea. Mwendo tunautengeneza sisi, ndani ya ubongo, na tunautengeneza kutokana na nafasi: kitu kilikuwa pale, sasa kipo hapa, kimeruka umbali gani, na safari iliyopita kiliruka umbali gani? Kutokana na umbali huo ubongo unaamua kama kitu ni kizito au chepesi, kimechoka au kina haraka.

Hata hizo 24 hazikutoka kwenye maabara ya macho. Filamu za kimya zilizungushwa kwa mkono na kasi yake ilibadilikabadilika. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, mkanda ulilazimika kupita kwa kasi moja isiyoyumba, la sivyo sauti ingepanda na kushuka, na 24 ikawa kipimo cha wote. Wachoraji wa katuni za mkono hawakuchora hata hizo zote. Kwa sehemu kubwa walichora michoro 12 kwa sekunde, kila mmoja ukipigwa picha mara mbili. Filamu ya Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018, iliyotengenezwa kwa kompyuta zenye uwezo mkubwa, ilimsogeza mhusika wake mkuu kwa mikao 12 kwa sekunde katika sehemu nyingi, kwa makusudi, na bado kila akitua unauona uzito wake. Rafiki yako nadhani ametoka upande wa michezo ya kompyuta. Huko 60 ina maana kubwa kwa sababu mchezaji anabonyeza na anataka kuona jibu papo hapo. Mtazamaji wa filamu habonyezi kitu.

Sasa kosa lenyewe. Fungua dirisha la Graph Editor, chagua mpira, tazama mstari wa Z, yaani wa juu na chini. Usiuogope. Ukiweka fremu kuu mbili, moja mpira ukiwa angani na nyingine ukiwa ardhini, hujaieleza kompyuta jinsi ya kusafiri kati ya hizo mbili. Blender inajaza yenyewe, na isipoagizwa vingine inatumia mstari uliopinda wa Bezier wenye vishikio, yaani vijiti vya pembeni vinavyoupinda mstari, vya aina ya Auto Clamped, ambavyo kwenye kila kilele na kila bonde hulala mlalo. Katika grafu hiyo, mwinamo wa mstari ndio kasi. Mstari ukisimama wima zaidi, kitu kinakwenda mbio, ukilala, kimesimama.

Maana yake ni kwamba kila ulipopanga mkao wa mwisho wa kitu, uliagiza pia kisimame pale, bila kujua. Kinaondoka taratibu, kinaongeza kasi katikati, kinapunguza, kinasimama, kinaondoka tena. Ni daladala inayosimama kila kituo, hata pasipo na abiria. Na kwa kuwa watu wengi wanaojifunza huweka fremu kuu za mwili mzima kwenye fremu moja, mikono, kiuno, kichwa na miguu vyote husimama pamoja na kuondoka pamoja. Hicho ndicho unachokiita kuelea.

Tuutazame mpira kwa karibu, kwa sababu ukiuelewa huo umeelewa nusu ya kazi hii. Mpira ulioachiwa angani unaongeza kasi kila fremu, bila kupumzika, mpaka ugonge. Kwa fremu 24 kwa sekunde, fremu ya kwanza unashuka chini ya sentimita 1. Hadi fremu ya 4 umeshuka kama sentimita 14. Hadi ya 8, sentimita 54. Hadi ya 12, yaani nusu sekunde, sentimita 122. Ukipima umbali wa kila fremu peke yake unapata uwiano wa namba witiri: 1, 3, 5, 7, 9 na kuendelea, uwiano ambao Galileo aliubaini karne nne zilizopita. Katika fremu ile ya mwisho kabla ya kugonga, mpira unaruka karibu sentimita 20 kwa mkupuo mmoja.

Chukua sasa mpira huohuo, urefu huohuo, fremu 12 zilezile, uache Blender ijaze yenyewe. Katika fremu ya mwisho unasogea karibu sentimita 2. Yaani pale mtazamaji alipotarajia pigo, mpira unatua kwa adabu. Hakuna kadi ya grafiki inayoweza kuligundua hilo, kwa sababu kwa kompyuta hakuna kilichoharibika, imefanya ilichoagizwa.

Dawa iko kwenye vishikio. Chagua fremu kuu zote ambazo mpira unagusa ardhi, bonyeza V, chagua Vector. Papo hapo utaona mstari umepata ncha kali pale chini badala ya bonde laini. Hapo umefika nusu. Kisha bonyeza V tena, chagua Free, uvute kila kishikio juu kidogo mpaka mwinamo pale kwenye mguso ukaribie mara mbili ya mstari ulionyooka kutoka kilele hadi ardhi. Fanya hivyo upande wa kushuka na upande wa kupanda. Vilele viache vimelala, kwa sababu huko juu mpira kweli husita kwa kitambo. Mwendo wa kwenda mbele ubaki mstari ulionyooka kabisa, Linear, maana hewani hakuna kinachousukuma mpira wala kinachouzuia kwa kiasi cha kuonekana. Na mdundo ukishuka hadi nusu ya urefu wa uliotangulia, usiupe nusu ya muda. Upe kama asilimia 70. Wengi hukosea hapo, na midundo ya mwisho inaonekana ya haraka kupita kiasi.

Kuna mahali utahitaji zaidi ya mstari. Kijana akiupiga mpira kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, kila fremu unaruka sentimita 83, na mpira wa miguu una upana wa sentimita 22 tu. Picha mbili zinazofuatana hazigusani kabisa, kwa hiyo jicho linaona mipira miwili au mitatu iliyopangwa angani. Hapo washa ukungu wa mwendo, Motion Blur, na uache Shutter kwenye 0.5: ni kama kamera iliyofungua mlango wake kwa nusu ya muda wa fremu, 1/48 ya sekunde. Ukiona unarefusha sana kurenda, fanya walivyofanya wachoraji wa mkono: kwa fremu moja au mbili urefushe mpira kufuata uelekeo wake. Ukiurefusha mara mbili, upunguze upana na kimo hadi 0.7, ili ujazo ubaki uleule. Mtazamaji hataona umbo, ataona kasi.

Miguu inayoteleza ina chanzo hichohicho. Nina uhakika karibu wote kwamba ulimpa mama mzunguko wa hatua, yaani hatua zilezile zinazojirudia, kisha ukamsogeza njiani kwa fremu kuu mbili, ya kuanzia na ya kumalizia. Mstari wa Bezier kati ya hizo mbili unamfanya aanze polepole, na akifika katikati anakwenda kama mara moja na nusu ya kasi yake ya wastani, au hata zaidi, kisha anafifia mwishoni. Lakini miguu yake inapiga hatua kwa mwendo mmoja muda wote. Lazima iteleze: mwanzo inarudi nyuma, katikati inaburuzwa mbele. Chagua mstari wa kwenda mbele, bonyeza T, chagua Linear. Halafu pima. Kama hatua yake ni sentimita 60 na inachukua fremu 12, mwili unatakiwa kusogea sentimita 5 kila fremu, si 4 wala 6. Katika mzunguko wenyewe, mguu uliokanyaga nao urudi nyuma sentimita 5 zilezile kila fremu, kwa mstari ulionyooka, muda wote ukiwa chini. Hesabu hii ni ya darasa la tano, lakini inaondoa kuteleza kuliko kifaa chochote cha kununua.

Kwenye uzito wa mama nitakaa kidogo, kwa sababu umechagua mtu mgumu na nimefurahi umemchagua. Kwa hatua ya fremu 12, mpangilio wa kuanzia ni huu: fremu ya 1 kisigino kinagusa, ya 4 kiuno kiko chini kabisa, ya 7 mguu wa nyuma unaupita wa mbele, ya 10 kiuno kiko juu kabisa, ya 13 kisigino cha pili kinagusa. Tazama fremu ya 4. Kosa la kawaida ni kuweka kiuno chini kabisa pale kisigino kinapogusa. Mwili hauko hivyo. Mguu unagusa kwanza, kisha goti linakunjika kupokea mzigo, ndipo kiuno kinashuka. Hizo fremu 3 kati ya kugusa na kushuka ndizo zinazosema "huyu mtu ana kilo". Zikiondoka, mtu anakuwa picha iliyokatwa kwenye karatasi. Kisha zitenganishe sehemu za mwili: mkono usiobeba uchelewe fremu 2 au 3 nyuma ya bega, kitambaa kichelewe nyuma ya kiuno, ili vituo vyote visigongane.

Ndoo ni jambo jingine. Masomo mengi ya mtandaoni hufundisha kichwa kinachopanda na kushuka kila hatua, kwa sababu wahusika wao hawajabeba kitu. Nenda bombani asubuhi, simama kwa pembeni, watazame wanaoondoka na ndoo. Shingo imetulia, macho yako mbele, ndoo inakwenda karibu kwenye mstari mmoja. Mtikisiko wote unamalizwa magotini na kiunoni. Hatua pia ni fupi zaidi. Omba ruhusa kwa mtu unayemfahamu, mrekodi kwa simu kutoka ubavuni, kisha itembeze video fremu moja moja. Kumbuka simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, hivyo hatua inayochukua fremu 15 kwenye simu ni 12 kwako. Ukimpata mama huyo sawasawa, utakuwa na kitu ambacho mzunguko wa kupakua bure hautakupa, kwa sababu aliyeutengeneza hajawahi kumwona.

Sasa kamera, na hapa rafiki yako ana haki kidogo. Skrini nyingi za simu na laptop hujichora upya mara 60 kwa sekunde. Ukigawa 60 kwa 24 unapata mbili na nusu, na skrini haiwezi kuonyesha picha kwa nusu mzunguko. Kwa hiyo fremu moja inakaa mizunguko 3, inayofuata 2, kisha 3, kisha 2. Moja inakaa 1/20 ya sekunde, jirani yake 1/30. Kwenye uso wa mtu anayeongea hutaliona hilo. Kwenye kamera inayopita kwa pembeni mbele ya miti na nguzo, kila kitu kinasogea pamoja na jicho linaukamata mtetemo. Ungeandaa kazi kwa fremu 30, kila moja ingekaa mizunguko 2 kamili na mtetemo huo wa skrini ungekwisha, bila kwenda hadi 60. Gharama yake kwako ni picha 600 badala ya 480, saa 30 badala ya 24.

Swali ni kazi inakwenda wapi. Ikiwa ni ya simu na YouTube, 30 ni chaguo zuri kwa kipande chenye kamera inayotembea hivi. Ikiwa kuna kituo cha televisheni kinaisubiri, uliza kwanza, lakini tegemea 25: nchi zetu ni za umeme wa 50Hz na zilirithi mfumo wa televisheni wa PAL. Aliyetengeneza kwa 24 na akatakiwa 25 anaweza kuiacha iende asilimia 4 haraka zaidi. Filamu nyingi za sinema zilirushwa hivyo kwenye televisheni za PAL kwa miaka mingi na watazamaji hawakushtuka. Vyovyote utakavyochagua, chagua kabla ya kuweka fremu kuu ya kwanza.

Lakini kabla ya kubadili namba hiyo, punguza kasi ya kamera. Wapiga picha wa filamu wana kanuni ya mkononi kwamba kitu kinachoingia upande mmoja wa picha kichukue kama sekunde 7 kutokea upande wa pili. Si sheria, ila ukipima kamera yako ukakuta sekunde 2, umeshapata jibu. Ukungu wa mwendo nao husaidia hapa. Na ukikutana na zile programu zinazodai kugeuza video ya 24 kuwa 60 kwa akili bandia, ziache kwa kazi hii. Zinabuni picha za katikati bila kujua ulikusudia nini, na mahali pa kwanza zinapoharibu ni kwenye pigo, pale mpira unapogusa ardhi, ambapo wewe umehangaika kupata ncha kali.

Nije kwenye mashine. Hakikisha kwanza kwamba unachokiona ndicho kilichomo kwenye faili. Ukibonyeza kucheza ndani ya Blender, laptop yako haiwezi kila mara kuchora fremu 24 kila sekunde. Ile namba ndogo juu kushoto ikigeuka nyekundu, mashine imezidiwa, na unachotazama ni mwendo uliochelewa au ulioruka baadhi ya picha. Watu hurekebisha kazi nzima kwa kutazama mwendo ambao haupo. Fungua menyu ya View, chagua Viewport Render Animation. Ukiwa umeweka aina ya faili kuwa video, utapata video nyepesi isiyo na taa kamili wala vivuli. Itazame kwenye simu. Malalamiko yote ya mwendo yahukumiwe hapo, kabla picha hata moja haijarendwa.

Hizo dakika 3 za picha moja zinapungua bila kununua kitu. Ukishuka kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, unachora vitone 921,600 badala ya 2,073,600. Kwa kazi ya majaribio tofauti hiyo ni ya maana sana. Kama unarenda kwa injini ya Blender iitwayo Cycles, punguza sampuli (Samples) na uwashe kiondoa chembechembe (Denoise), au jaribu Eevee, injini yake nyepesi zaidi, ambayo kwa mtindo wa katuni inaweza kukutosha kabisa. Renda picha za PNG moja moja, kamwe usirende moja kwa moja kuwa video. Ondoa alama kwenye Overwrite na uweke kwenye Placeholders. Umeme ukikatika usiku kwenye picha ya 311, ukirudi unafuta hiyo moja iliyokatika na kuendelea, hupotezi 310 za mwanzo. Upo pia mtandao wa SheepIt, ambako watu huazimana kompyuta zao kurenda bure; piga hesabu ya bando lako kwanza, kwa sababu utapakia faili na kupakua picha zote.

Baada ya hayo, kadi ya grafiki inabaki na faida yake ya kweli. Inaweza kufupisha kurenda mara nyingi, na muhimu zaidi, inakuruhusu kuona kosa mapema na kulirudia mara nyingi zaidi kwa siku moja. Mtu anayelipwa kwa kazi hii ataihitaji siku moja. Kigezo changu ni kimoja: ukiwa na wateja ambao kazi zao zinachelewa kwa sababu tu kompyuta inarenda, mkopo una wa kuulipa. Ukiwa bado unatafuta mwendo, hauna. Na ikifika siku ya kununua, beba faili lako kwenye flash, omba kulifungua kwenye mashine hiyohiyo unayouziwa, renda picha moja, pima kwa saa. Muuzaji anayekataa jaribio hilo mwache.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatayamaliza. Laptop ikizima yenyewe katikati ya kurenda, au feni ikinguruma na chini pakawa hapashikiki, hilo ni la fundi wa kompyuta. Mpelekee asafishe feni na kubadilisha ile paste ya prosesa kabla hakijaungua kitu cha gharama. Goti la mama likigeuka nyuma ghafla kwenye fremu moja, au mkono ukijisokota, kosa halipo tena kwenye mistari, liko kwenye rigi, yaani mifupa ya ndani inayomwendesha mhusika, na kutafuta kosa la mifupa peke yako kunaweza kukula wiki nzima. Tafuta mtu aliyekutangulia, mkae naye mezani saa mbili. Usimpelekee video peke yake, peleka faili la Blender lenyewe pamoja na video uliyorekodi bombani, ili afungue Graph Editor mbele yako na wewe uone anaanza kugusa wapi.